Tororo: Mji wa Wapitao na Huduma ya Wabakio

Msafiri aingiaye Uganda kwa njia ya Malaba hana haja ya kuuliza Tororo iko wapi. Kabla hajaona nyumba ya kwanza ya mji, amekwisha kuuona mwamba. Umesimama peke yake katikati ya nchi tambarare ya mihogo, mtama na miembe, na kilele chake kinakaribia mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wajuzi wa mawe husema kwamba ni koo la volkano ya kale, ambayo mwili wake uliliwa na mvua na upepo hata likabaki koo peke yake. Madereva wa malori huutumia kama saa: ukiuona mwamba kushoto na jua halijazama, utafika kabla ya giza.

Chini ya mwamba huo umejengwa mji wa njia. Reli iliyotoka Mombasa ilipofika Kampala mwaka 1931, Tororo ilikuwa tayari ni kituo chake, na tawi la kwenda Soroti lilianzia hapo. Tangu miaka ya 1950 vilima vya jirani vimekuwa vikichimbwa chokaa ya kutengenezea saruji, na vumbi lake jeupe hutua juu ya majani ya migomba bila kumbagua tajiri wala maskini. Wapadhola, Waiteso, Wasamia na Wanyole hukutana sokoni, na wasipoelewana kwa lugha za nyumbani, huelewana kwa Kiswahili, lugha iliyoletwa huku na askari, makarani wa reli na madereva. Kusini, katika mji pacha wa Busia, ndiko lilikozaliwa neno boda boda. Vijana wenye baiskeli walikuwa wakivusha abiria kutoka kizuizi cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, wakiita wateja kwa tamko la Kiingereza la mpaka mara mbili. Tangu Februari 2018 maofisa wa Uganda na Kenya hukaa Busia katika kituo kimoja cha pamoja, na karatasi iliyokuwa ikigongwa mihuri pande mbili sasa hukaguliwa mahali pamoja.

Mji wa namna hii huwa na marafiki wengi wa usiku mmoja. Mwenye lori hulala, hula, hulipa na kuondoka. Askari huhamishwa. Karani wa forodha huhesabu miezi iliyobaki kabla ya uhamisho wake. Kwa hiyo mtu atakaye kujua imani ya Kikristo ina mizizi gani katika sehemu hizi, asianze kwa kuhesabu makanisa, ambayo ni mengi. Aanze kwa kuuliza ni nani waliobaki, na walibaki wakifanya nini.

Jibu la kwanza liko nyuma ya reli, nyuma hata ya mpaka wenyewe. Mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Kianglikana alitoka pwani akielekea Buganda kwa njia ya mashariki, ambayo ilikuwa ngeni kwa wamisionari. Alipofika Mumias, mahali palipoitwa wakati huo Kwa Sundu, aliugawa msafara wake. Mwenyewe alichukua watu wapatao 50 akaendelea mbele katika nchi hizi za mpakani hadi Busoga, ambako alikamatwa, na tarehe 29 Oktoba aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wapagazi wake nao waliuawa pamoja naye, isipokuwa wachache sana waliosalimika. Jina la askofu limeandikwa katika vitabu vingi na katika majengo mengi. Majina ya wale wapagazi, watu wa pwani waliobeba mizigo ya ibada na ya chakula kwa mabega yao, ni machache tu yanayojulikana.

Lakini mtu wa kutazamwa sana katika kisa hiki ni yule aliyeachwa Mumias na sehemu kubwa ya msafara. Aliitwa William Jones, Mwafrika aliyepata kuwa mtumwa, akakombolewa, akalelewa na wamisionari huko Nasik, India, kisha akahudumu miaka mingi Rabai karibu na Mombasa. Hannington alikuwa amemwekea mikono ya ushemasi mwaka ule ule. Amri aliyopewa haikuwa ya kwenda, bali ya kungoja. Askari yeyote aliyewahi kusimama lindo usiku wa manane anajua kwamba amri ya kungoja ni nzito kuliko amri ya kushambulia, kwa maana haina shangwe wala mashahidi. Jones alingoja. Habari za msiba zilipomfikia hakukimbia. Alikaa mwezi mzima akitafuta hakika, akiwalisha na kuwatuliza watu ambao si ajabu kwamba walikuwa na hofu. Ndipo alipowarudisha kwa miguu hadi pwani, wakaingia Rabai Februari 1886, chini ya bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja la Kiebrania lenye maana ya kwamba utukufu umeondoka. Hakuna mtu aliyemwita shahidi wa dini. Aliwafikisha watu nyumbani, basi.

Haifai kujidanganya kwamba dini ilipokuja kukaa huku baada ya hapo ilipokelewa kwa nyimbo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alikuwa amekwisha kueneza ngome zake mashariki chini ya mkono wa Waingereza, na mawakala wake Waganda ndio waliotawala nchi iliyoitwa Bukedi. Walimu wa dini walifuata njia hiyo hiyo. Mpadhola aliyerithi kwa babu zake jina la Mungu, yaani Were, alimwona mtoza kodi asubuhi na mwalimu wa sala jioni, wote wawili wageni, wote wakisema Kiganda. Hana lawama akiwa alidhani kwamba ni watu wa msafara mmoja.

Kilichotenganisha viwili hivyo katika macho ya wenyeji hakikuwa hotuba. Kodi ilikuwa ikichukua. Ilipasa dini ionekane ikitoa. Na ndivyo ilivyokuwa kidogo kidogo: dawa ya kidonda, shule ya udongo, mtu wa kumzika mgeni aliyekufa bila jamaa. Wakatoliki wa mashariki walikuwa katika eneo la wamisionari wa Mill Hill, ambalo makao yake yalikuwa Nsambya, Kampala. Huko, mwaka 1903, aliwasili sista kutoka Ireland, Teresa Kearney, ambaye Waganda walimwita Mama Kevina. Zahanati yake ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi, watu ambao hawakuwa na cheo wala bunduki, waliorudishwa kutoka vitani wakiwa mifupa na kuhara damu. Mwaka 1923 huko Nkokonjeru alianzisha shirika la watawa Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao wamehudumu Uganda, Kenya na Tanzania. Neno lile "wadogo" katika jina lao si pambo. Lilikuwa ni agizo la kazi: kufagia wodi, kuosha mashuka, kuamka kabla ya wagonjwa na kulala baada yao. Wakati ule wako watu waliosema kwamba msichana wa Kiafrika hataweza maisha ya utawa. Shirika lina umri wa zaidi ya miaka 100 sasa.

Mwaka 1953 Tororo ilikuwa miongoni mwa majimbo kamili ya Kanisa Katoliki nchini, na mwaka 1999 ikawa jimbo kuu. Hizo ni habari za vitabu. Katika vijiji vya Molo, Nagongera na Mulanda, kwa muda wote huo, jimbo lilikuwa ni katekista. Padri huja mara moja kwa muda mrefu, mvua ikiruhusu. Katekista yupo kila Jumapili. Ndiye aongozaye sala, awafundishaye watoto, aitwaye usiku mtu akikata roho, na ambaye mshahara wake, ukiwapo, hautoshi kununua baiskeli ya kumfikisha huko. Hulima kama wengine. Nguo yake ya Jumapili hujulikana kijiji kizima kwa sababu ni moja. Waanglikana wana mwalimu wao wa kanisa katika hali hiyo hiyo, na wake za hao wote wawili hupika kwa ajili ya wageni ambao hawakualikwa.

Basi imani ya utii na unyenyekevu inapimwaje? Tororo ilipata mizani yake mwaka 1977, na msomaji aliye katika sare ana sababu ya kuisoma habari hii kwa makini zaidi kuliko wengine.

Askofu wa Bukedi katika Kanisa la Uganda, mwenye makao yake Tororo, alikuwa Yona Okoth, mwenyeji wa sehemu hizi. Mwanzoni mwa Februari mwaka huo watu wa usalama wa serikali ya Idi Amin walipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum huko Kampala wakidai kutafuta silaha, na nyumba ya Askofu Okoth nayo ilipekuliwa. Maaskofu wenzao walimwandikia Amin barua ya wazi tarehe 10 Februari, wakisema kwa heshima lakini bila kuficha kwamba bunduki iliyoelekezwa kwa viongozi hao imeelekezwa kwa kila Mkristo. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa. Waliouawa pamoja naye walikuwa mawaziri wawili: Erinayo Oryema, aliyepata kuwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza Polisi ya Uganda, na Charles Oboth-Ofumbi, mwana wa Tororo aliyeandika kitabu juu ya historia na mila za Wapadhola. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Askofu Okoth alivuka mpaka akakimbilia Kenya, na hakurudi kukaa mpaka utawala ule ulipoanguka mwaka 1979. Mwaka 1984 akawa yeye mwenyewe Askofu Mkuu.

Upande wa Wakatoliki, Askofu James Odongo alibaki. Alizaliwa Molo mwaka 1931, akapewa upadri mwaka 1956, na tangu mwaka 1968 alikuwa ndiye askofu wa Tororo. Machi 1979 wapiganaji waliotoka upande wa Kenya waliushambulia mji, na baadhi ya askari wa kambi ya Rubongi wakaasi. Baada ya siku chache watu wa Amin wakaurudisha mji mikononi mwao, na raia wakalipa gharama ya pande zote mbili, kama ilivyo desturi ya vita. Odongo aliliongoza jimbo katika miaka hiyo na katika iliyofuata, hata alipostaafu mwaka 2007, karibu miaka 39 kwa jumla. Pamoja na hayo alikuwa kwa miaka mingi askofu wa majeshi ya Uganda, yaani mchungaji wa watu wa kambini na familia zao, wakiwamo wale ambao baba zao au kaka zao walikuwa wamepigana wao kwa wao. Alifariki Desemba 2020.

Wako wapendao kuuliza ni yupi kati ya wawili hao aliyekuwa na imani kubwa, aliyeondoka au aliyebaki. Swali hilo halina faida, na aliulizalo aghalabu hakuwapo. Mchungaji atafutwaye na wauaji akivuka mto usiku hajaliacha kundi. Amewanyima wauaji maiti moja. Na aliyebaki hakubaki kwa sababu alikuwa salama. Linalofaa kuulizwa ni la yule kijana aliyetumwa kupekua. Yeye naye alikuwa mtii. Alipewa amri akaitekeleza, na pengine alibatizwa katika kanisa la huyo huyo aliyempekua. Injili inamsifu akida wa Kirumi aliyejua maana ya amri kuliko watu wote wa Kapernaumu, lakini akida huyo alikuja kwa Yesu akimwombea mtumishi wake mgonjwa, naye hakujiona kuwa anastahili kutembelewa nyumbani. Utii wake ulikuwa na mtu wa chini ndani yake. Pale ambapo utii hauna mtu wa chini wa kumhurumia, umebaki kuwa mashine, na mashine haina dini.

Tangu siku hizo mizani imerudi katika mambo madogo, ambako ndiko makazi yake ya kawaida. Tororo ni nchi ya mbu. Watafiti waliopima mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba mtu mmoja alikuwa akipata mwumo wa mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka, kiasi cha juu mno hata kwa Afrika. Msomaji na atafakari maana yake kwa mama mwenye watoto wanne. Mpaka dawa ilipoanza kupulizwa majumbani mwishoni mwa mwaka 2014, na malaria ikapungua sana huko Nagongera, wodi za watoto zilikuwa na watoto wawili kitanda kimoja na mmoja chini. Katika hospitali za makanisa mjini, ile ya Mtakatifu Anthony na ile ya Wabenedikto, muuguzi wa zamu ya usiku hakuwa na nafasi ya kusoma zaburi. Alikuwa na nafasi ya kuhesabu matone. Aliyemwambia kwamba huko nako ni kusali, alimwambia kweli.

Kisha kuna habari ya pikipiki, ambayo si ya kanisa lakini haina budi kusimuliwa hapa. Mwaka 2003, wakati ukimwi ulipokuwa umekwisha kumaliza ukoo hata ukoo katika miji hii ya malori, ulianzishwa Tororo mpango wa kuwapelekea wagonjwa dawa majumbani. Wagonjwa wapatao 1,000 vijijini walianza kutembelewa mara moja kila wiki na wahudumu wa pikipiki, wasio madaktari, waliobeba vidonge, wakauliza maswali yale yale, wakahesabu vidonge vilivyobaki, wakaondoka. Wataalamu wengi wa nchi tajiri walikuwa wamesema kwamba mwanakijiji wa Afrika asiye na saa ukutani hataweza kumeza dawa kwa wakati kila siku. Aliweza. Wengi walimeza bila kukosa, na vifo vikapungua sana, vya wagonjwa wenyewe na vya watoto waliokuwa wakiishi nao.

Mtu aliyelelewa katika nyumba ya sala hakushangazwa na hilo. Bibi wa Kipadhola asiyejua kusoma, aliyepiga goti kila alfajiri kwa miaka 40 jogoo akiwa ndiye saa yake, hahitaji kufundishwa maana ya kila siku. Kwake kidonge cha asubuhi kiliwekwa mahali kulikokuwa tayari na nafasi, kati ya sala na jembe. Na yule kijana wa pikipiki, aliyepita matopeni Jumanne hata Jumanne kwenda nyumba ambayo jirani walikuwa wameacha kuikanyaga, alikuwa na sura ya katekista wa zamani, ila tu alivaa kofia ya chuma.

Kila mwaka Mei inapokwisha, mji wa wapitao hupata wapitao wa aina nyingine. Mahujaji huelekea Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, na wengi huenda kwa miguu. Kutoka Tororo ni takriban kilomita 200. Wengine huwa wamekwisha kutembea siku kadhaa kabla ya kuufikia mpaka, wakitoka Bungoma, Kisumu au mbali zaidi, na huvuka Malaba au Busia wakiwa na rozari mkononi na viatu shingoni. Magazeti huwapiga picha, na wanastahili.

Wasiopigwa picha ni wanawake wa parokia zilizo njiani. Hao hawaendi Namugongo. Hubaki na moto. Huchota maji tangu saa kumi alfajiri, hupika posho na maharage kwa watu wasiojua idadi yao, hutandika mikeka katika madarasa, na jioni huleta mabeseni ya maji ya moto yenye chumvi kwa ajili ya miguu iliyopasuka. Baadhi ya wale waliotoka mbali hawajui lugha ya mwenyeji, na hapo Kiswahili kile cha askari na madereva hufanya kazi nyingine: kaa hapa mama, lete mguu, pole. Tarehe 4 Juni mahujaji hurudi kwa malori na mabasi, wakiimba, na kwa saa chache huimaliza njia waliyoitembea kwa siku nyingi. Wengi hupita bila kusimama. Siku hiyo wale wanawake huwa uani, wakisugua masufuria kwa majivu na kuyapanga juani, kisha wakiyarudisha nyumba kwa nyumba, kila moja likiwa na jina la mwenyewe lililoandikwa chini kwa rangi.